Kuingiza Mahitaji ya Watu Wenye Ulemavu katika Mpango wa UKIMWI wa Halmashauri: Mwongozo kwa Viongozi wa Vyama

Kila mwaka halmashauri zinapoanza kuandaa bajeti, maswali yaleyale hunifikia kutoka kwa viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu. Barua tuipeleke kwa nani? Je, ni lazima mjumbe wetu katika kamati ya UKIMWI awe anaishi na VVU? Tukiambiwa fedha hakuna, tufanye nini? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu kwa barua, nimeyajibu nikiwa nimesimama nje ya ukumbi baada ya mkutano, na sasa nimeona ni vyema majibu yakae mahali pamoja ambapo kila chama kinaweza kuyasoma kwa utulivu.

Mwongozo huu unakuhusu wewe uliye mwenyekiti, katibu au mjumbe wa chama cha watu wenye ulemavu wilayani, kiwe ni tawi la Chama cha Viziwi, Chama cha Wasioona, chama cha watu wenye ualbino, au kikundi cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili ambacho bado hakina hata ofisi. Nimeuandika kwa ajili ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na tume yake ya UKIMWI, hivyo msomaji wa huko atazikuta hatua zikifanana lakini majina ya ofisi na ya sheria yakitofautiana.

Ushike jambo moja tangu mwanzo. Kualikwa mkutanoni, kupewa kiti na kupigwa picha ya pamoja hakujambadilishia chochote kiziwi anayepokea majibu yake ya kipimo kupitia mdomo wa jirani. Mnachokitafuta ni mstari ulioandikwa ndani ya mpango wa halmashauri, wenye kiasi cha fedha na jina la ofisi itakayoutekeleza.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Watu watatu hadi watano walio tayari kulifuatilia jambo hili kwa mwaka mzima. Angalau wawili wawe wanawake, na wasiwe wote wa aina moja ya ulemavu.
- Nakala ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 na ya Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI Na. 28 ya 2008. Kama mna mwenzenu asiyeona, zitafutwe nakala za kielektroniki zinazosomeka kwa simu yenye sauti.
- Mpango wa halmashauri wa mwaka unaoendelea, hasa sehemu ya UKIMWI, pamoja na Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Ombeni kwa barua kwa Mkurugenzi Mtendaji.
- Daftari moja la kumbukumbu na jalada moja la barua.
- Mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania anayeaminiwa na viziwi wenyewe, hata kama ni wa kuazimwa kutoka wilaya jirani.
- Nauli. Wengi huisahau, kisha mtu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu anabaki kijijini wakati wenzake wanamwakilisha.

Kuhusu sheria, yanatosha machache. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 25 ya mkataba huo inataka watu wenye ulemavu wapate huduma za afya, zikiwemo za afya ya uzazi, kwa kiwango na ubora uleule wanaopewa wengine, na ibara ya 4 inazitaka serikali zishauriane nao kupitia vyama vyao kabla ya kuamua mambo yanayowahusu. Sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, na Sheria ya 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi kwa sababu ya VVU na inalinda usiri wa majibu. Hayo yakiwa kichwani, anzeni kazi.

Hatua ya 1: Wasikilizeni wenzenu kwanza, na kwa siri

Msiandike dai lolote kabla hamjawasikiliza watu wanaokwenda kliniki, na hata wale walioacha kwenda. Fanyeni mazungumzo madogo ya watu watano au sita, wanawake peke yao, wanaume peke yao na vijana peke yao. Wasioona wataeleza mambo ambayo mtu mwenye ulemavu wa viungo hakuwahi kuyafikiria, na kinyume chake, kwa hiyo msiridhike na kundi moja.

Waulizeni mambo ya kawaida: ulifikaje kituoni, nani alikusindikiza, nani alikuwepo chumbani ulipopewa majibu, dawa ulielezwaje, ulirudi mara ya pili? Msimuulize mtu hali yake ya maambukizi. Akiamua kuitaja mwenyewe, isiandikwe pamoja na jina lake, kijiji chake au jambo lingine litakalomtambulisha, kwa sababu katika kata yenye kiziwi mmoja tu wa kike maneno "mwanamke kiziwi" yanatosha kumtangaza.

Ulizeni pia kuhusu ukatili wa kingono, na muulize kwa upole, kupitia mwanamke anayeaminika. Wasichana wenye ulemavu wa akili na wasichana viziwi huwindwa kwa sababu mkosaji anaamini hawatasema, au wakisema hawataeleweka. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Msichana kiziwi anayefikishwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku ya kwanza, halafu akaambiwa asubiri mkalimani hadi wiki ijayo, amekwisha kunyimwa kinga hiyo. Saa hizo 72 zitajeni kila mnapozungumza na ofisa yeyote, kwa kuwa zinaonyesha wazi kwamba mkalimani ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hatua ya 2: Kagueni vituo kwa macho, kwa mikono na kwa magurudumu

Ombeni ruhusa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha tembeleeni hospitali ya wilaya na vituo viwili au vitatu vyenye kliniki ya huduma na matibabu, ile ambayo kila mtu huiita CTC. Mwende na mtu wa kiti mwendo, asiyeona, kiziwi na mtu mwenye ualbino, na kila mmoja apite njia yote ya mgonjwa tangu getini hadi dirisha la dawa. Haya ndiyo nimeyaona yakirudiwa mara nyingi:

Mlangoni kuna mteremko uliojengwa, lakini ni mkali kiasi kwamba hakuna anayeweza kuupanda bila kusukumwa. Kipimo ni rahisi: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ngazi zenye kimo cha sentimita 45 zinataka mteremko wa mita 5.4. Chukueni futi kamba mpime na kuandika.

Ndani, mizani ni ya kusimama. Mgonjwa wa CTC hupimwa uzito kila anapohudhuria, na asiyeweza kusimama hukadiriwa kwa macho au hurukwa kabisa, mwaka hadi mwaka. Kitanda cha uchunguzi kiko juu na hakishuki. Dirisha la dawa liko juu kuliko kichwa cha mtu aliyeketi.

Wagonjwa huitwa kwa sauti. Kiziwi hukaa kutwa akiona watu waliomkuta wakiondoka, na mwisho huandikwa kuwa hakuhudhuria. Benchi la kusubiria liko nje kwenye jua, na mtu mwenye ualbino analazimika kuchagua kati ya ngozi yake na zamu yake.

Kwa asiyeona tatizo hurudi naye hadi nyumbani. Chupa ya dawa za kufubaza VVU na chupa ya dawa nyingine aliyopewa siku hiyohiyo zinaweza kufanana kabisa mkononi, na tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu kwenye kadi. Kifaa cha kujipima VVU nacho huonyesha majibu kwa mistari ambayo ni macho tu yanayoweza kuisoma, hivyo faragha ambayo ndiyo faida kuu ya kujipima inapotea kwa mtu ambaye pengine angeihitaji kuliko wote. Hapa andikeni pia suluhisho ndogo mnazozijua. Mpira wa kufungia pesa ukizungushwa kwenye chupa moja huitofautisha na nyingine, na ujumbe wa simu unaosomwa kwa sauti huchukua nafasi ya kadi.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuja na sauti ya mkaguzi na kuwaaibisha wahudumu mbele ya wagonjwa. Muuguzi wa CTC mara nyingi ana foleni ndefu na vitendea kazi vichache, na akiona mnamsaidia kupata mizani na mkalimani atakuwa shahidi wenu wa kwanza.

Hatua ya 3: Tafuteni namba zenu

Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ombeni kwa Ofisa Mipango takwimu za sensa za halmashauri yenu. Msipozipata, tumieni wastani wa taifa na mseme waziwazi kwamba ni wastani: halmashauri yenye watu 200,000 wa umri huo ingekuwa na watu wapatao 22,400 wenye ulemavu. Mkiiweka namba hiyo mbele ya ofisa aliyezoea kusema kwamba "hapa kwetu ni wachache", mazungumzo hubadilika.

Kisha ulizeni ni wangapi kati ya wanaohudhuria CTC wana ulemavu. Mara nyingi hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Pendekezeni majaribio katika kituo kimoja kwa miezi mitatu kwa kutumia maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, yaani kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu lililo chini ya Umoja wa Mataifa. Maswali hayo humuuliza mtu kama ana taabu ya kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: sina taabu, taabu kidogo, taabu kubwa, siwezi kabisa. Anayejibu "taabu kubwa" au "siwezi kabisa" katika swali moja au zaidi huhesabiwa. Tahadhari hapa ni moja: mhudumu asiulize "Je, wewe ni mlemavu?", kwa kuwa wazee na watu wenye ulemavu usioonekana watakataa, na hesabu itatoka ndogo kuliko hali ilivyo.

Hatua ya 4: Jueni kalenda, muende nayo

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, lakini mpango wake hupikwa mapema zaidi. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele kabla mwaka wa kalenda haujaisha, halmashauri huandaa rasimu na Baraza la Madiwani huipitisha katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na kuanzia Aprili Bunge hukaa Dodoma kwa ajili ya bajeti ya taifa. Chama kinachopeleka barua mwezi Mei kitapokewa kwa tabasamu na kuambiwa kisubiri mwaka mwingine. Hatua ya 1 hadi ya 3 zifanyeni kati ya Juni na Agosti, na andiko lenu liwe mezani Septemba.

Msiidharau ngazi ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ukiandika katika muhtasari kwamba zahanati inahitaji mteremko na mkalimani, hoja hiyo itafika wilayani ikiwa na mhuri wa wananchi, na diwani wa kata atakuwa na sababu ya kuitetea.

Hatua ya 5: Geuzeni malalamiko kuwa kazi zenye gharama

Hapa ndipo vyama vingi hukwama, na ndiyo hatua ninayoomba muitumie muda mwingi kuliko zote. Ofisa Mipango hawezi kuingiza kilio katika bajeti. Anaweza kuingiza kazi, idadi, muda na bei.

Angalieni sentensi hii, ambayo nimeikuta katika maandiko mengi: "Kuwajengea uwezo watu wenye ulemavu kuhusu VVU na UKIMWI." Haisemi nani, wapi, mara ngapi wala kwa shilingi ngapi, na ikipitishwa itaishia kuwa semina ya siku moja yenye soda. Linganisheni na hii: "Kuweka mkalimani wa Lugha ya Alama katika kliniki ya CTC ya hospitali ya wilaya siku 2 kila mwezi, kuanzia Julai hadi Juni, jumla siku 24." Sasa tafuteni malipo ya mkalimani kwa siku pamoja na nauli, zidisheni kwa 24, na mstari wenu umekamilika. Siku hizo mbili zitangazwe mapema ili viziwi wapangiwe tarehe hizo.

Panga kazi zenu katika mafungu matatu. La kwanza ni zile zisizo na gharama: kuhamishia chumba cha ushauri nasaha ghorofa ya chini, kuita wagonjwa kwa namba inayoonyeshwa kwa mkono au kadi, kusogeza benchi kivulini, kumpa asiyeona nafasi ya kuelezwa dawa zake akizishika. La pili ni zenye gharama ndogo, kama mizani ya kukalia, mteremko wa saruji, maelezo ya dawa kwa maandishi makubwa, nukta nundu au sauti iliyorekodiwa. La tatu ni zile zinazohitaji fedha kila mwaka, yaani ukalimani, mafunzo ya Lugha ya Alama kwa wahudumu wawili au watatu wa kila kituo, na huduma ya mkoba kwa wasioweza kufika. Andiko lenye mafungu haya haliwezi kukataliwa lote kwa sentensi moja.

Kurasa tatu zinatosha.

Hatua ya 6: Lifikisheni kwa wanaohusika, kwa mpangilio

Barua iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, nakala kwa Mratibu wa UKIMWI wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, Ofisa Ustawi wa Jamii na Ofisa Mipango. Hakikisheni nakala yenu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Baadaye ombeni kukutana na Mratibu wa UKIMWI ana kwa ana, kwa sababu yeye ndiye anayeandaa mambo ya Kamati ya Kudhibiti UKIMWI ya Halmashauri, ambayo ni kamati ya kudumu na hukutana kila robo mwaka.

Mnapoingia ofisini, semeni mapema kwamba hamkuja kuulizia mikopo. Halmashauri nyingi zimezoea kuwakumbuka watu wenye ulemavu pale tu zinapogawa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 2 ni ya kwao, na ofisa anaweza kukuelekeza dirisha hilo kabla hujamaliza salamu.

Kabla ya yote hayo, watembeleeni ndugu zetu wa Konga, yaani mtandao wa watu wanaoishi na VVU katika halmashauri, ulio chini ya baraza lao la taifa, NACOPHA. Ndani ya Konga wamo watu wenye ulemavu wasioweza kufika kwenye mikutano kwa sababu ya ngazi au kwa kukosa mkalimani, na ndani ya vyama vyetu wamo wanaoishi na VVU ambao hawathubutu kusema. Mkiingia kwenye kamati mkiwa mmekubaliana, hakuna atakayewaambia kwamba mnagombea fungu la wengine.

Hatua ya 7: Mchagueni mwakilishi, na mumwekee masharti

Jibu la swali lile la mwanzo ni hapana. Mwakilishi wa watu wenye ulemavu katika kamati halazimiki kuwa anaishi na VVU, na hakuna mwenye haki ya kumuuliza. Anayetakiwa ni mtu anayesoma nyaraka au anayesomewa, asiyeogopa kuuliza, na anayerudi kutoa taarifa kwa waliomtuma. Mpeni mbadala wake ili ugonjwa au safari isiache kiti wazi. Muda wake uwe na ukomo, na aina za ulemavu zipishane.

Upande wa kamati, ombeni kwa maandishi mambo matatu: nyaraka zifike angalau siku saba kabla katika namna anayoweza kuisoma, mkalimani au msaidizi alipiwe na halmashauri, na ukumbi uwe wa kufikika. Iulizieni pia kamati ya watu wenye ulemavu inayotajwa na Sheria ya 2010. Kama ipo, ajenda ya VVU iingie humo kila robo mwaka, na kama haijaundwa ombeni iundwe.

Hatua ya 8: Lindeni usiri na ridhaa

Sheria ya UKIMWI ina kipengele kinachomhusu mtu asiyeweza kuelewa majibu ya kipimo, ambaye hupimwa kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi anayetambulika. Kipengele hiki hutumiwa vibaya mno. Mhudumu akimwona kiziwi, au mtu mwenye mtindio wa ubongo anayesema kwa taabu, humgeukia aliyemsindikiza na kuzungumza naye, kana kwamba kutosikia au kutosema vizuri ni kutoelewa. Mama mmoja kiziwi alitueleza kwa ishara kwamba alijua majibu yake baada ya mkwewe, na mkwewe baada ya shangazi. Katika kila mafunzo ya wahudumu ombeni nafasi ya kusema jambo hili kwa uwazi: kiziwi anaelewa kwa lugha yake, asiyeona anaelewa kwa masikio yake, na hata mwenye ulemavu wa akili anaweza kuelewa akielezwa kwa maneno mepesi, taratibu, zaidi ya mara moja. Tangu marekebisho ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi, na haki hiyo ni ya mwanafunzi wa shule ya viziwi kama ilivyo ya mwingine yeyote.

Mkalimani naye asaini ahadi ya kutunza siri. Jamii ya viziwi wa wilaya moja ni ndogo na wanajuana, kwa hiyo mgonjwa apewe nafasi ya kumkataa mkalimani, kuchagua wa jinsia yake, au kutumia mkalimani wa mbali kwa simu ya video. Kumbukeni kwamba viziwi wengi wa vijijini hawakupata shule na hutumia ishara za nyumbani. Kwao, mkalimani mwenye cheti pekee hatoshi, na kiziwi mwenzao aliyefunzwa akikaa katikati husaidia sana.

Hatua ya 9: Fuatilieni kila robo mwaka

Mpango ukipitishwa, kazi imefika nusu. Oktoba, Januari, Aprili na Julai, muulizeni Mratibu kwa barua fupi: katika mistari yetu, kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kimetolewa, nini kimefanyika? Rudini kwenye vituo vilevile mlivyovikagua na watu walewale, mpite njia ileile. Mteremko ukijengwa, upimeni kabla ya kuushukuru.

Mkikwama

*Mmeambiwa fedha hakuna.* Ombeni fungu la kazi zisizo na gharama lianze mwezi huohuo, na jibu kuhusu mafungu mengine liandikwe katika muhtasari wa kikao. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kutegemea miradi ya wafadhili kumekuwa hatari kwa kila mtu, na ndiyo maana mstari ulio ndani ya mapato ya halmashauri una thamani kuliko semina tatu za mradi.

*Mmeambiwa kliniki haina wagonjwa wenye ulemavu.* Rudini kwenye namba za Hatua ya 3 na muulize wako wapi. Ombeni yale majaribio ya miezi mitatu.

*Viongozi wa chama chenu wenyewe hawataki kuzungumzia UKIMWI.* Hili ni gumu kuliko ya maofisa, na lina uchungu wake, kwa sababu wengi wetu tumelelewa katika imani kwamba mtu mwenye ulemavu hana mwenza wala hamu. Anzeni na akina mama wa chama. Wao ndio wanaojua ni binti gani amepata ujauzito na nani hakuulizwa chochote.

*Mratibu aliyewaelewa amehamishwa.* Mpelekeeni mpya nakala zenye mhuri ndani ya wiki ya kwanza, pamoja na muhtasari wa yaliyokubaliwa. Jalada lenu likiwa kamili hamtaanza upya.

*Mtu amebaguliwa au amenyimwa huduma.* Anzeni kwa mganga mfawidhi wa kituo, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi. Yakishindikana, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi inayochukuliwa bila ridhaa ya mhusika, hata kama kesi yake ingewasaidia wengine mia.

*Siri ya mtu imevuja kupitia chama chenu.* Mwendeeni yeye kwanza, kabla ya kikao chochote, mumweleze kilichotokea bila kupunguza. Muulizeni anahitaji nini: mshauri nasaha, kuhamishiwa kituo kingine, au mtu wa kuzungumza na familia yake. Aliyevujisha aondolewe katika kazi hii siku hiyohiyo, na daftari lenye maelezo ya watu lifungiwe mahali ambapo ufunguo wake unashikwa na mtu mmoja anayejulikana.